Kiti cha Pweza Kilichopanda Mlima

Mimi pweza nilimjua kwa Kiingereza kabla sijamjua kwa Kiswahili, na jambo hilo dogo lilikaribia kumnyima shemeji yangu mke.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na watoto walionitangulia shuleni, katika darasa la jioni lililosomewa kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Mbooni. Watu huliita gumbaru, na wakilitamka hucheka kidogo, kama waliomwona mzee amevaa kaptura. Mimi hucheka pamoja nao, kisha nawaonyesha cheti. Nilisoma hadi vumbi la chaki likaniota kwenye nyusi. Nilisoma hadi popo wa dari ya ukumbi wakaanza kupiga hesabu za kuzidisha wakiwa wamening'inia. Somo lililonipenda zaidi lilikuwa Biolojia, na kwa kuwa Biolojia hufundishwa kwa Kiingereza, viumbe wote wa baharini nilikutana nao wakiwa wamevaa suti na tai. Oktopasi nilimjua: mikono minane, mioyo mitatu, mfupa hata mmoja hana. Ungeniamsha usingizini ningekuchorea. Lakini kwa Kiswahili, mimi na yeye hatukuwa tumesalimiana.

Nimeolewa Mbooni, ila nimezaliwa Matinyani, upande wa Kitui. Nilipoletwa huku mara ya kwanza, mama mkwe wangu alinitazama kutoka utosini hadi visiginoni akaniuliza kama kwetu Kitui kuna maji ya kunawa uso au huwa tunajipangusa na upepo. Nikamjibu kwamba maji yapo, tunayachimba tu, na kwamba watu wa milimani ndio wavivu, wanasubiri yawaangukie. Hapo akacheka, na tangu siku hiyo nikamwita Mwaitu, ndivyo Wakamba tunavyomwita mama.

Mwaitu alikuwa mjane. Mume wake alimwachia shamba la maparachichi, zizi la mbuzi, wana wawili, na kigoda cha miguu mitatu alichokuwa amekikalia tangu ujana wake. Mwaitu alirithi kile kigoda bila kumuuliza mtu. Kila jioni alikikalia mlangoni pa jiko lake akichambua maharagwe, na sisi tulijua kwamba pale amekaa na mumewe. Kumbe mchwa nao walikuwa wamerithi. Walikila kutoka chini, kimya kimya, bila kugusa rangi ya juu, mpaka siku moja Mwaitu akaketi na kigoda kikawa unga. Sisemi vipande. Unga, ungeweza kuupikia uji.

Alicheka, akajipangusa, akainuka. Lakini tangu siku hiyo hakukalia kiti tena. Viti vya plastiki alisema ni vya matanga, kwa sababu hukodishwa kwa matanga. Sofa ya nyumbani kwangu alisema inameza watu. Yeye alipindua debe la mafuta ya kupikia, akaliweka palepale mlangoni, akalikalia. Nasi tukazoea. Mtu akizoea kumwona mama yake juu ya debe, husahau kwamba hapo kuna jambo.

Sasa, kitinda mimba wake, yaani shemeji yangu, alikuwa fundi wa stima huko pwani. Kila Krismasi alisema anakuja, na kila Krismasi likaja shati lake jipya kwenye picha ya simu, yeye mwenyewe hakuja. Mwaitu akaamini kwamba pwani imemmeza kama ile sofa. Kwa hiyo shemeji alipopiga simu kusema amepata msichana wa hukohuko na anataka kumwoa, Mwaitu alijibu neno moja tu, kwamba mbuzi wake hawajui kuogelea.

Kwa mgeni hilo ni mzaha. Kwetu ilikuwa hukumu. Mkamba haoi mpaka watu wake wapeleke mbuzi wa kwanza kwa kina msichana, ndio tunaita ntheo. Bila hao, hata mkifunga ndoa na kuzaa timu ya mpira, wazee watasema mnakaa tu. Baba hayupo, neno ni la Mwaitu. Zizi lina mlango mmoja na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la leso yake. Shemeji alinipigia akilalamika hadi simu ikapata moto shavuni. Nilimhurumia yeye, lakini zaidi nilimhurumia yule msichana nisiyemjua, kwa sababu mimi pia niliwahi kupanda mlima huu nikiwa mtu wa mahali pengine.

Nikamshawishi Mwaitu angalau amsikie sauti. Tukaweka simu juu ya meza, spika wazi. Sauti ya msichana ikatoka laini, Kiswahili chake kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

“Shikamoo, mama.”

Mwaitu hakuwahi kuamkiwa hivyo maisha yake yote. Akanitazama mimi, akaitazama simu, akajibu, “Mzuri sana.”

Msichana hakucheka, na hapo nikampa alama. Akasema bibi yake aliyemlea anamsalimu mama, na amemwagiza kwamba akija asije mikono mitupu. “Nitakuletea kiti cha pweza,” akasema.

Simu ilipokatwa, Mwaitu aliisukuma pembeni ya meza. Halafu akauliza nani aliyemwambia huyo mtoto kwamba yeye hana kiti. Mimi sikuwa nimesema. Mume wangu hakuwa amesema. Shemeji mwenyewe hakujua hata kwamba kigoda cha baba yake kilishakuwa unga. Mwaitu akashika kidevu. Mtu wa mbali, asiyemjua, asiye wa kabila lake, amejua kwamba anaamka na kulala bila kiti, na wenyewe wa nyumbani tunampita hapo juu ya debe kila siku tukimsalimu.

“Huyo akifika na kiti,” akasema kwa Kikamba, “mbuzi wake watatoka hata kesho yake.”

Mimi nikapiga kigelegele kilichosikika hadi Mukuyuni, huko chini ya mlima. Hakuna aliyejiuliza pweza ni nini. Sisi neno tulilosikia ni kiti, na kiti kwa Kikamba ni kivila, na kivila ni neno zito. Hata kiti cha enzi ndani ya Biblia yetu ni kivila. Pweza tulimwachia fundi.

Huyu fundi ni jirani yetu, mchongaji, mtu wa mikono mizuri na mdomo mzuri zaidi. Alikuwa akituambia miaka yote kwamba aliwahi kuchongea watalii Mombasa. Tukamuuliza. Alifikiri kidogo, akatema mate pembeni, akasema pweza ni mti. Unaota ndani ya maji ya chumvi, ni mgumu kuliko mpingo, ukiupiga panga, panga linarudi likilia. Wakamba ni wachongaji. Ukitutajia kiti cha kitu, tunajua hicho kitu ni mti. Nami, kwa heshima ya cheti changu, nikaongeza kwamba miti ya maji ya chumvi huwa na mizizi ya kupumulia inayotokeza juu. Hilo ni kweli kabisa, lipo kwenye kitabu. Basi jioni hiyo kiti cha Mwaitu kikawa kimechongwa kwa mti unaopumua.

Habari ikafika kwa kina mama wa kanisa, na kila ilipopita kiti kikaongezeka. Kwanza kilikuwa kigoda. Kikaota mgongo. Kikaota mahali pa kupumzishia mikono. Mmoja akasema amesikia kina nakshi za simba. Mwaitu akahamisha kabati, akapaka chokaa kwenye ukuta wa pembeni mwa dirisha, akafagia pale mahali mpaka sakafu ikaanza kuona aibu. Debe akalitupa nyuma ya jiko.

Walikuja mwezi wa mvua. Walishuka Mukuyuni, wakapanda boda boda mbili kuja juu, na barabara yetu mvua ikinyesha huwa ni sabuni. Tulikuwa tumejipanga uani: Mwaitu na leso mpya, kina mama wa kanisa, mume wangu, mimi, na fundi, aliyekuja kuona mbao za pweza kwa macho. Shemeji akashuka. Msichana akashuka, mwembamba, matope hadi magotini, ameshika kifuani boksi la viatu lililofungwa kwa leso. Fundi akawa anachungulia nyuma yao barabarani.

“Mzigo mwingine unafuata?” akauliza.

“Mzigo gani?” akauliza shemeji.

Tukaingia ndani. Msichana akapiga goti, akafungua leso, akafungua boksi, akamkabidhi Mwaitu kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na nyota. Nyota kavu, ya rangi ya matofali, pana kama kiganja kilichokunjuliwa, mgongo wake una vinundu kama ugonjwa wa ngozi. Ilikuwa na mikono mitano, ila mmoja ulikuwa mfupi, kama kidole gumba kilichopotea njia.

Mwaitu aliishika. Akaibonyeza katikati kwa dole gumba. Akangoja. Akaibonyeza tena. Akaigeuza, akatazama chini yake, akairudisha. Mimi peke yangu nilielewa anangoja nini, nami nitalisema mahali pake.

“Kiti iko wapi?” akauliza.

“Ndicho hicho, mama.”

“Hii ni ya kukalia nani?”

“Pweza.”

“Na pweza ni nani?”

Shemeji akajaribu kueleza kwa mikono, na mikono yake miwili haikutosha. Mnyama wa baharini, hana mfupa, anateleza, ana mikono minane. “Oktopasi!” nikasema kwa sauti ya furaha, kama niliyeitwa jina langu siku ya kutolewa matokeo. Mwaitu akanitazama vile mtu anavyotazama cheti kinachofaa kurudishwa kilikotoka. Mama mmoja wa kanisa akakohoa. Fundi akakumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe.

Halafu Mwaitu akasema kwa Kikamba, taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, kwamba yeye alikubali kiti. Hiki si kiti. Na hata hicho kisicho kiti, wamempa kilichovunjika mguu.

Msichana akaniuliza amesemaje. Mimi huwa nakuza kila kitu. Nikiona panya nitakwambia ni sungura. Siku hiyo nilipunguza. “Amesema asante,” nikamwambia. Lakini uso hauhitaji mkalimani.

Jioni alinisaidia kupika nyumbani kwangu, na hapo ndipo nilipolisikia lile jambo kutoka upande wake. Bibi yake ni mmoja wa wale akina mama wa pwani ambao maji yakitoka hutembea juu ya miamba na fimbo, wakimtafuta pweza mashimoni. Ile nyota, ambayo kwao inaitwa kiti cha pweza kwa sababu watu husema pweza huikalia, ilikuwa imening'inia juu ya mlango wa bibi tangu msichana ajitambue. Bibi aliitoa mlangoni kwa mkono wake mwenyewe. Haikununuliwa kwa watalii. Juu ya ule mlango sasa kuna msumari mtupu.

Nami nikamweleza kuhusu kigoda na mchwa na debe. Aliweka mwiko chini. Akafunika mdomo kwa kiganja.

“Kwa hiyo nimemletea mtu asiye na kiti mzaha wa kiti,” akasema. Akasema kesho yake asubuhi atarudi kwao, amwache shemeji azungumze na mama yake wawili, bila yeye kuwa katikati kama mfupa. Nilimwambia asubiri. Akasema ameshasubiri mbele ya ile sura ya mama muda wa kutosha.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Tukaenda jikoni kwa Mwaitu ili msichana aage, mfuko begani. Kabla hatujafika mlangoni, msichana akasimama akavuta pumzi. Harufu ya ajabu ilikuwa ikitoka ndani, ya chumvi na samaki na kitu cha kale, na katika milima hii haijawahi kuwepo harufu kama hiyo tangu gharika ya Nuhu. “Ni kwetu,” akanong'ona.

Sakafuni mwa jiko kulikuwa na sufuria ya maji, na ndani yake ile nyota imelazwa chali.

Mwaitu alikuwa amechuchumaa kando, anaitazama. Hakuinua kichwa. “Nilidhani itafunguka,” akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyekutwa akijaribu viatu vya mwenzake.

Msichana hakuelewa, na mimi nilipotaka kueleza Mwaitu akainuka, akachukua kamba ya kuni na panga, akasema yeye anatangulia msituni kabla mvua haijarudi. Ya kuagana yatafuata. Msichana akauliza kama anaweza kusaidia kubeba. Mwaitu hakusema ndiyo, ila hakusema hapana. Msichana akatua mfuko wake mlangoni. Mimi sikualikwa na mtu, lakini sijawahi kuhitaji mwaliko.

Njia ya kwenda msitu wa juu imesimama wima kama ngazi iliyoegemezwa mbinguni. Msichana alikuwa na ndara za pwani, na mara nyingi zaidi alirudi chini kuliko alivyopanda, mpaka nikahesabu kwamba kwa mwendo ule tutafika jana. Hakulalamika. Tulipoingia chini ya miti ya asili, mahali majani makavu yamelala kama godoro, Mwaitu akaanza kukusanya vijiti. Msichana akainama kuokota tawi, na hakuinuka. Alikuwa amepiga magoti, mikono hewani, kama aliyeogopa kugusa.

“Mama,” akasema, “bahari ilifika huku?”

Mwaitu akageuka. “Bahari?”

“Hivi ni viti vya pweza.”

Tukaenda kuona. Kati ya majani yaliyolowa, ile mvua ilikuwa imeufungua: uyoga wa nyota, kundi zima, mwingine mdogo kama kifungo cha shati, mwingine mkubwa kama sahani ya chai. Kila mmoja umekunjua miale yake pande zote, na katikati umebeba mfuko mdogo wa mviringo wenye tundu juu. Rangi yake ya matofali mabichi. Ungeuweka kando ya ile nyota ya kwenye sufuria, ungesema ni pacha, mmoja alilelewa na shangazi.

Mwaitu akaacha kamba ya kuni ianguke. Akaketi papo hapo kwenye majani mabichi na leso yake, akaanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikatoka, na nina hakika kilivuka bonde hadi Kitui wakadhani ni radi. Msichana akaanza kucheka kwa sababu ya kile kicheko, bila kujua kisa chake. Mimi sikuanza kucheka. Nilikuwa nimeshaanza zamani.

“Finya,” Mwaitu akamwambia, akionyesha ule mfuko wa katikati.

Msichana akafinya kwa ncha ya kidole. Moshi wa kahawia ukatoka tunduni, fuu, akaruka nyuma akakalia tope.

“Jana nilifinya yako,” Mwaitu akasema. “Ikakataa.”

Basi ndilo lile nililolielewa peke yangu. Mwaitu alipofungua boksi hakuona mnyama wa baharini hata kidogo. Aliona uyoga wa utotoni mwake. Yeye na watoto wenzake walikuwa wakijikata na panga, wanaupuliza ule moshi juu ya kidonda, damu inakauka. Na kwetu Matinyani, ambako ardhi hukauka hadi ikapasuka midomo, uyoga huu ukikosa mvua hujikunja kama ngumi. Sisi watoto tuliutemea mate kuudanganya kwamba mvua imefika, nao, maskini, hufungua mikono yote. Ndiyo maana Mwaitu akaiweka ile nyota kwenye maji. Alitaka kuipa nafasi ya pili.

Tukakaa pale chini watu watatu, kuni zimesahaulika, na hao wawili wakaanza kulinganisha mali zao kama wafanyabiashara wa soko moja. Msichana akasema kile cha kwao mdomo wake uko chini, katikati kabisa. Kinatembea mpaka juu ya chakula, kinakikalia, ndivyo kinavyokula. Mwaitu akasema huu wa kwake mdomo uko juu, na haufungui mpaka tone la mvua liupige. Msichana akasema cha kwao kina vijiguu chini ya kila mkono, vingi kama nywele, laini, ukikishika vinakutafuta. Mwaitu akatafakari hilo.

“Hii yetu haitembei,” akakiri. Halafu akaupenyeza mkono chini ya uyoga mmoja, taratibu, akamwonyesha. “Lakini inasimama. Ona.”

Ilikuwa kweli. Miale ilikuwa imejikunja kwenda chini mpaka ncha zake zikashika ardhi, na ule mfuko wa katikati ukainuliwa juu ya majani.

“Kumbe unajitengenezea kiti wenyewe,” msichana akasema.

Mimi nikaona sasa ni zamu ya elimu. Nikawaeleza kwamba kile cha baharini ni mnyama halisi, japo hana kichwa, lakini uyoga si mnyama wala si mmea. Uko peke yake, una ufalme wake. Mwaitu akauliza mfalme wenyewe ni nani. Nikamwambia hapo hatukufika, kengele ililia.

Alicheka tena, kidogo. Kisha akawa anasafisha majani kuuzunguka ule uyoga kama mtu anayemfagilia mgeni. Nilijua liko swali na nilijua ni lipi.

“Na ule mguu umevunjika?” akauliza.

“Haujavunjika, mama. Unamea.”

Msichana akaeleza, na Kiswahili chake safari hii hakikuwa cha pasi, kilijikunja. Kitu cha baharini kiliuma ule mkono ukakatika. Kiti cha pweza kikikatika mkono hakifi. Hukaa kinaotesha mwingine, polepole, kwa muda mrefu. Hiki kilikufa kikiwa bado katikati ya kazi. Bibi alikiokota ufuoni mwaka aliofiwa na babu. Vilikuwepo vingine vizima, vizuri zaidi, vyenye mikono yote. Aliviacha akachukua hicho.

“Alisema vizima vitachukuliwa na watu,” akamalizia. “Yeye anataka kinachomea.”

Mwaitu aliokota zile kuni zilizosahaulika. Alifunga kuni, akavuta kamba kwa goti, akafunga tena mahali palipokuwa pameshafungwa. Maji ya majani yalikuwa yakitudondokea shingoni. Nilimtazama msichana, naye alikuwa akitazama matope, na nikawaza kwamba nikifungua mdomo wangu huu mkubwa sasa hivi, Mungu ataninyang'anya cheti.

“Unajua kupika muthokoi?” Mwaitu akauliza, yaani mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe.

“Sijui, mama.”

“Utajua. Beba hizo.”

Akampa mzigo mkubwa. Mwaitu mgeni humpa mzigo mdogo. Mzigo mkubwa humpa mtu wa nyumbani. Msichana hakulijua hilo, kwa hiyo nilimwambia tukishuka, naye akakaza kamba kwenye paji la uso na kushuka ule mlima na ndara zake bila kuteleza hata mara moja. Au labda mara moja.

Nyumbani Mwaitu aliitoa nyota kwenye sufuria, akaianika juani, kisha akaiweka pale pembeni mwa dirisha palipopakwa chokaa, na kando yake uyoga mmoja aliouleta kwenye pindo la leso. Kutoka pindo hilohilo akafungua ufunguo wa zizi akampa mume wangu, akamwambia achague mbuzi wenye miguu imara, kwa sababu safari ni ndefu. Shemeji alikuwa amekaa nje akijiandalia maneno ya kubishana. Akabaki nayo, hajapata pa kuyaweka mpaka leo. Baada ya hapo Mwaitu akaniagiza nikamwite fundi.

Fundi alikuja akiwa amejificha nyuma ya kofia yake.

“Wewe wa mti wa pweza,” Mwaitu akamwambia. “Nichongee kiti. Miguu mitano. Minne ifike chini, mmoja usifike.”

Fundi akasahau aibu, akabisha. Akasema tangu dunia iumbwe hakuna kiti cha miguu mitano, na mguu usiofika chini ni wa kazi gani, watu watasema mkono wake umezeeka.

“Na mti wa pweza,” Mwaitu akamuuliza, “tangu dunia iumbwe ulikuwepo?”

Akachonga. Akachonga viwili, vya mjakaranda, na kwa kweli siku ile mikono yake iliushinda mdomo wake. Kimoja kikabaki mlangoni pa jiko, na debe likarudi kwenye kazi ya kuwekea kuni. Cha pili kilishuka pwani pamoja na mbuzi nyuma ya pikapu ya kukodi. Mume wangu, aliyewasindikiza, anasema mbuzi walipoiona bahari walisimama kwa safu moja wakainamisha vichwa. Sikuwepo, lakini nimeolewa naye, naamini theluthi.

Usiku waliowasili hatukupata habari. Siku iliyofuata bibi wa msichana mwenyewe alipiga simu, tukaiweka juu ya meza, spika wazi. Akashukuru kwa mbuzi. Akashukuru kwa kiti. Akasema ameshakikalia na hataki kuinuka. Ila akauliza kwa adabu kubwa, asije akawakosea wakwe, kwamba mguu mmoja haufiki chini, je, fundi alikosea?

Mwaitu akainamia simu. Kiswahili chake ni cha Mbooni, hakijawahi kupigwa pasi.

“Hapana kosa,” akasema. “Inamea.”

Huko upande wa pili tukasikia mwanamke mzee akicheka na kupenga kamasi.

Siku hizi shemeji na mkewe huja mvua zikianza, na huyo mkewe anapika muthokoi unaoshinda wangu, jambo ninalolikanusha hadharani. Mwaitu hukaa mlangoni akichambua maharagwe. Mara kwa mara, akidhani hakuna anayemtazama, hupeleka mkono chini ya kiti na kupitisha kidole kati ya ule mguu wa tano na sakafu, kupima. Mimi nami nimepima, kwa macho yangu ya kidato cha nne. Zamani kidole kilipita bila kugusa. Sasa kinakwaruza.